Saa ya mashine imesimama, inakimbia au inachelewa: pitia hapa kabla hujashika bisibisi

Huku kwetu Mtwara saa za mashine zinazozunguka mitaani ni zilezile, Seiko 5 za otomatiki ambazo wazee walinunua mwaka korosho imelipa, HMT za kutia ufunguo kutoka India, Orient kadhaa, na siku hizi kuna vijana wanaagiza vipuri mtandaoni wanajiundia saa zao kwa mashine ya NH35, otomatiki ya Seiko. Mimi sio fundi wa sokoni, mchana niko ghalani na magunia, usiku ndio nakaa mezani na lenzi yangu ya jicho, ila nimeshafungua saa za kutosha kusema hili kwa uhakika: nyingi zinazokufa mikononi mwetu haziuliwi na ugonjwa zilizokuja nao, zinauliwa na tone la mafuta lililodondoshwa juujuu na mtu ambaye bado hajajua saa inaumwa nini.

Kwaiyo kwanza uliza. Hata kama saa ni yako jiulize mwenyewe. Imeanza lini? Inasimama muda wowote au palepale kila siku? Ikiwa mkononi inatembea alafu ikilazwa mezani inakufa? Wiki hiyo ilianguka, iliingia maji, ililala juu ya spika? Haya maswali hayana gharama na yanakupunguzia nusu ya kazi.

Imesimama kabisa

Kama ni ya kutia ufunguo, mfano HMT, zungusha ufunguo (kile kifundo cha ubavuni) taratibu na usikilize kwa vidole. Ukizunguka bure, unazungusha mpaka unachoka na haukazi, springi mama, ile inayotunza nguvu, imekatika au imechomoka kwenye kikulabu chake ndani ya pipa, kile kidumu inamokaa. Ukikaza kidogo alafu ukiachia unarudi wenyewe kwa kasi, trrrr, springi nzima, kilichokufa ni kijino cha kuzuia au kispringi kinachokisukuma. Na ukiwa umekaza mpaka mwisho na saa haitembei, hapo nguvu ipo ila njia imeziba. Hii ya tatu ndio naiona kuliko zote na ndio ile watu wanasema "niliikaza sana ikafa". Hapana. Saa nzima ukiikaza mpaka mwisho inatembea vizuri kuliko muda wote. Iliyojaa na haitembei ni chafu, au mafuta yamekauka, au kuna kitu kimeingia kwenye meno.

Seiko 5 ni habari nyingine. Mashine ya 7S26 iliyoko kwenye Seiko 5 nyingi haina kutia ufunguo, ukizungusha ufunguo ukiwa ndani hakuna kinachotokea, na nimeletewa saa tatu nzima kabisa kwa sababu mtu "anaijaza" kila asubuhi na haitembei. Ishike wima usawa wa kifua, itikise upande kwa upande kama nusu dakika, uone mshale wa sekunde. Ukitembea, mwambie mwenye saa aivae.

Haijatembea? Sasa fungua. Kabla ya kufungua sugua ukingo wa mfuniko kwa mswaki mkavu, kwa sababu mchanga na jasho lililokauka vinakaa kwenye mzingo wa mfuniko na ukizungusha vinaangukia ndani. Zima feni. Kaa juu ya kitambaa cheupe. Alafu angalia balansi, lile gurudumu linalocheza kwenda na kurudi, ulipulize kidogo sana kwa kile kipulizio cha raba, sio kwa mdomo maana mdomo una mate.

Balansi ikicheza kwa uhuru muda mrefu lakini saa haigongi, tatizo liko nyuma yake, kwenye paleti (kile kiuma kidogo chenye mawe mawili ya rubi) au kwenye magurudumu. Balansi ikicheza mara mbili tatu ikakwama, yenyewe ndio mgonjwa, mara nyingi ncha ya mhimili wake imepinda au kukatika baada ya kuanguka, ama springi yake inagusa mahali. Balansi ikicheza pale tu unapotikisa na ikifa ukiacha, na mashine imejaa, basi ni uchafu, kaa ukijua unakwenda kuosha mashine nzima.

Saa moja ya kijana wa bodaboda sitaisahau. Alikuwa nayo Msimbati ufukweni, mkanda ukakatika, saa ikaanguka mchangani, akaipangusa akaendelea kuvaa na siku ya tatu ikasimama. Nilipoweka lenzi nikaona chembe moja tu, nyeupe, inang'aa kama sukari ya mawe, imekaa katikati ya meno mawili ya gurudumu la tatu. Kila kitu kingine kilikuwa safi. Niliitoa kwa ncha ya kijiti cha meno nilichochonga, balansi ikaondoka yenyewe hata kabla sijarudisha mkono. Fundi wa kwanza aliyempelekea alishaweka mafuta juu yake, chembe ikazidi kunata.

Ukiamua kushusha mashine yote, toa nguvu kwanza. Shika ufunguo, vuta kile kijino cha kuzuia pembeni kwa ncha ya kijiti, uachie ufunguo uzunguke taratibu kati ya vidole mpaka springi mama iishe. Kwa otomatiki isiyotiwa ufunguo kama 7S26 utafanya hivohivo kwa kushika skrubu ya gurudumu la juu ya pipa kwa bisibisi. Ukiruka hatua hii ukatoa paleti na springi imejaa, magurudumu yatazunguka kwa kishindo na unaweza kukata ncha au meno.

Paleti ikishatoka, tia nguvu kidogo sana, meno mawili matatu tu. Magurudumu yanatakiwa yazunguke laini mpaka mwisho alafu yarudi nyuma kidogo yenyewe. Yasiporudi kuna msuguano, na utautafuta gurudumu moja moja.

Kuosha, na kosa ambalo bado linaniuma

Natumia petroli ya laita, ile ya kujazia viberiti, kwa sehemu zote, alafu spiriti ya duka la dawa kusuuza zile za chuma tupu. Paleti na balansi HAZIINGII kwenye spiriti. Sababu ni kwamba mawe ya paleti yameshikwa kwa gundi ya shelaki, pia lile jiwe dogo chini ya balansi kwa saa nyingi, na shelaki inayeyuka kwenye alkoholi. Mjomba wangu wa Newala aliniachia HMT Janata yake, saa ya mawe 17, inapiga mapigo 18,000 kwa saa, alivaa toka nikiwa mtoto. Niliiloweka yote kwenye spiriti nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta uma wa paleti uko upande mmoja wa bakuli na jiwe jekundu, dogo kuliko punje ya ulezi, liko upande mwingine. Nilikaa nalitazama muda mrefu. Kiwanda cha HMT kilishafungwa tangu 2016 kwaiyo huagizi kipya, ilinibidi nitafute saa nyingine mbovu ya aina hiyo nichukue paleti yake, na ilinichukua miezi. Mjomba alishafariki, sikuwa na wa kumwomba radhi.

Mafuta ndio pa kuwa makini zaidi. Mafuta ya nazi, ya cherehani, ya kupulizia bawaba, yote hapana. Yanatambaa, yanakauka, yanaganda, na yakifika kwenye springi ya balansi umepata ugonjwa mpya. Mafuta ya saa yapo ya aina yake: Moebius 9010 kwa sehemu za mwendo wa haraka na mawe ya balansi, mazito kama HP1300 kwa magurudumu ya pole na kitovu, 9415 kwa uso wa mawe ya paleti, grisi kwa sehemu za ufunguo. Kichupa kimoja kidogo unatumia miaka. Unaweka kiasi cha kufanya duara dogo kuzunguka ncha ndani ya kikombe cha rubi, ukiona kikombe kimejaa umezidisha, osha upya. Ncha za mhimili wa paleti (sio yale mawe yake) na springi ya balansi haziwekwi mafuta kabisa.

Inakimbia, dakika kadhaa mbele kwa siku

Sumaku. Hiyo ya kwanza kabisa, usifungue chochote. Fungua dira kwenye simu, pitisha saa karibu yake polepole, chuma cha kawaida kitasogeza mshale kidogo, lakini ukiona mshale wa dira unayumba kwa nguvu na kuifuata saa basi saa imeshika sumaku. Kinachotokea ndani ni kwamba mizunguko ya springi ya balansi inashikana, springi inakuwa kama imefupishwa, balansi inacheza haraka. Nyumba zetu zina sumaku kila kona, sabufa juu ya kabati, kava za simu zenye kifungo cha sumaku, mifuniko ya kompyuta. Jamaa mmoja wa Shangani saa yake ilikuwa inawahi zaidi ya dakika ishirini kwa siku na alishalipa kuoshwa mara mbili, kumbe kila usiku anaiweka juu ya sabufa. Mashine ya kutoa sumaku, ile kiboksi ya bluu ya bei rahisi, inatosha: weka saa juu, bonyeza usiachie, inua saa taratibu mpaka urefu wa mkono, ndio uachie. Ukiachia mapema unairudishia sumaku. Usibonyeze muda mrefu, kinapata moto.

Kama sumaku haipo, fungua uitazame springi ya balansi kwa lenzi ikiwa inacheza. Springi nzima inapumua, inatanuka na kujikusanya sawasawa pande zote, unaona nafasi nyembamba ya hewa kati ya mzunguko na mzunguko. Ukiona miwili imeshikana na kuna ung'aavu kama unyevu ni mafuta, toa balansi uioshe kwenye petroli ya laita mara mbili, iache ikauke. Ukiona mzunguko mmoja umepanda juu ya mwingine au umenaswa nyuma ya pini ya rekebisho (ule mkono mdogo wa kurekebisha mwendo), hiyo imeanguka. Ukiwa mgeni hapa simama. Springi ikipindwa vibaya hairudi, na kununua balansi kamili ya 7S26 ni rahisi kuliko kuinyoosha.

Inachelewa

Ikichelewa sekunde kumi au ishirini kwa siku na ni Seiko, hiyo sio ugonjwa. NH35 yenyewe kiwandani wanaruhusu kati ya sekunde 20 nyuma na 40 mbele kwa siku. Unarekebisha tu kwa ule mkono mdogo juu ya balansi, upande wa kujumlisha au wa kutoa, na unausogeza unywele mmoja tu, kiasi ambacho macho hayaoni vizuri. Kwenye Seiko kuna mikono miwili pale, usichanganye, mmoja ni wa mwendo na mwingine unaoshika mwisho wa springi ni wa kusawazisha pigo la kwenda na la kurudi.

Ikichelewa dakika nzima nzima usiguse rekebisho. Unaficha ugonjwa. Hapa taimugrafa, kifaa kinachosikiliza mapigo ya saa na kuyapima, inasaidia sana, hata programu ya simu na maiki ya earphone iliyobanwa kwenye saa inakupa picha, ila mashine ya Weishi 1000 ndio inakuonyesha namba zote. Kwenye mpangilio wa pembe (lift angle) weka 53 kwa Seiko hizi. Angalia upana wa mchezo wa balansi kwa nyuzi: saa nzuri iliyojaa, uso juu, inakwenda nyuzi 250 hadi 300, Seiko hizi mara nyingi ziko chini kidogo ya hapo na ni sawa. Ikisoma 180 na imejaa nguvu, ni mafuta makavu au springi mama iliyochoka. Ikiwa nzuri uso ukiwa juu alafu inaanguka sana uso ukiwa chini, upande mmoja wa mhimili wa balansi umeumia au jiwe lake ni chafu. Na mistari miwili ya kwenye kioo chake ikiwa mbali, pigo halijasawazika, saa itakuwa ngumu kuanza yenyewe ukishaivaa, shuka mpaka chini ya milisekunde 1 na uridhike.

Inasimama usiku, asubuhi umeikuta imekufa

7S26 ikijaa inatakiwa itembee kama saa 41. Fanya jaribio la haki: itikise vya kutosha au ivae siku nzima ya kazi, ivue usiku, andika muda. Ikifika kesho yake mchana inatembea basi tatizo ni mvaaji, mtu anayekaa kwenye kiti siku nzima hajazi. Ikiisha baada ya saa nane au kumi, tazama rota, lile pande zito linalozunguka nyuma ya mashine na kuijaza: inazunguka kwa uhuru? Ukiizungusha kwa kidole, kulia na kushoto, gurudumu la juu ya pipa linasogea mara zote mbili? Seiko wanatumia kile kiwiko chenye ncha mbili za kuvuta na kusukuma, ncha zikiwa na uchafu au zikichakaa zinateleza na rota inazunguka bure. Osha, usiweke mafuta mengi hapo. Rota ikiwa inajaza vizuri na bado inaisha mapema, springi mama inateleza mapema kwenye ukuta wa pipa, inataka grisi yake maalum ya breki au pipa jipya kamili.

Ukisikia rota inakwaruza, fungua mfuniko utazame ndani yake. Mkwaruzo wa duara unaong'aa maana yake skrubu ya rota imelegea. Kaza, imeisha.

Mashine inagonga ila mishale haifuati

Inagonga vizuri, lakini mishale iko nyuma saa nzima, na ukiseti ufunguo ni mwepesi kama hauna kitu. Ni kale kabomba kanakobeba mshale wa dakika, kamelegea kwenye mhimili wa gurudumu la kati. Kwenye HMT unakabana kidogo sana kwa ncha za kukatia kucha zilizofanywa butu, waya wa shaba ukiwa ndani kuzuia kasipondeke, alafu unajaribu.

Inasimama palepale kila siku, labda mishale ikipishana? Mishale inagusana. Tazama kutoka ubavuni kwenye mwanga.

Ukungu chini ya kioo, na maji ya bahari

Hapa pwani hii ndio adui. Ukungu ukija ukitoka kwenye baridi na kuondoka, raba za mfuniko au ya ufunguo zimekufa, badilisha zote, paka grisi ya silikoni. Saa iliyoandikwa mita 30 sio ya kuogelea, ni ya matone ya kunawa mikono.

Ikiingia maji ya chumvi usisubiri Jumamosi. Fungua siku hiyohiyo. Mchele hausaidii, chumvi inabaki ndani na kutu inaendelea hata ikikauka. Toa mashine kwenye kasha, toa mishale na uso, ishushe, suuza sehemu kwa maji ya betri, yale ya kuongezea na SIO asidi, alafu petroli au spiriti kwa mpangilio niliosema juu. Nimeona HMT ya mvuvi wa Mikindani iliyokaa wiki moja tu baada ya kuzama: kijiti cha ufunguo kilikuwa na pete ya kutu nene, nilipovuta kikakatika ndani.

Uliibadilisha mwenyewe na sasa inasumbua

Kwa wanaojiundia kwa NH35. Mishale isiyokaa: matundu yanatakiwa yawe milimita 1.5 mshale wa saa, 0.9 dakika, 0.2 sekunde, pima kabla ya kulazimisha. Tarehe inaonekana nusu dirishani: umechukua uso au sahani ya tarehe ya ufunguo ulio kwenye namba 3 ukaweka kwenye kasha la ufunguo ulio karibu na namba 4, haziingiliani. Mishale na tarehe havikubaliani: ulibandika mishale bila kusubiri tarehe iruke. Zungusha mpaka tarehe iruke ndio ubandike yote kwenye 12.

Tarehe inabadilika muda wa ajabu

Ikiruka saa sita mchana, imekaa nusu siku nyuma, zungusha mishale saa kumi na mbili mbele. Na usibadilishe tarehe kwa mkato kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, wakati huo gia ya tarehe imeshashika na kijino kinaweza kukatika. Sogeza mishale mpaka chini, kwenye 6, ndio ubadilishe.

Mzee mmoja wa Mikindani aliniletea Seiko 5, mjukuu wake akasema saa ya babu inabadili tarehe saa kumi na mbili jioni, mafundi wawili wameshasema gia ya tarehe imekufa. Nikamwamkia, nikamuuliza, babu unaiseti vipi? Akanionyesha: ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na mshale mfupi ulikuwa kwenye 1, sio kwenye 7. Anaisoma kwa Kiswahili kitupu, 1 ni saa moja. Maana yake 12 ya juu inafika jua likizama, na tarehe inaruka hapo. "Ndio inavyotakiwa mwanangu," akasema, "siku si inaanza magharibi?" Nikaifuta kioo nikamrudishia, mfuniko sikuugusa.